Gamba la Tulia

Jumanne, 10 Juni 1975

Kisimani mara mbili. Muhogo jikoni. Nimefunua kasha la Tulia. Hali ile ile. Gamba limempasukia vipande vipande, kichwani kidogo, shingoni kidogo, mgongo mzima bado. Macho meupe, kama maji ya mchele. Leo siku ya sita.

Mwalimu wa kisomo anasema tuandike kila siku, hata mistari mitatu, mkono usisahau. Basi naandika. Hatasoma yeye wala mtu mwingine. Daftari linalala chini ya mkeka wangu.

Tulia ni chatu. Jike. Urefu wake pima moja na nusu. Mume wangu Saidi alimwokota mikoroshoni akiwa mwembamba kama kidole, akamlea miaka kumi. Alimwita Tulia kwa sababu ndilo neno alilokuwa akimwambia kutwa. Saidi alikufa mwaka jana. Ndugu zake wakagawa vitu. Fatu, mke mwenzangu, akapata cherehani. Mimi nikapata chatu. Watu walicheka pale pale msibani.

Sikucheka. Wala sikumkataa.

Tulikuwa tumetoka edani tu, Operesheni ya vijiji ikatuleta hapa kijiji kipya. Nyumba moja, vyumba viwili, mimi na Fatu ukuta kwa ukuta. Tangu tumekuja, Tulia amejivua gamba mara tatu. Mara ya kwanza lilitoka vipande, nikasema ni majonzi. Mara ya pili likasumbua zaidi. Hii ya tatu limekwama kabisa.

Jumatano, 11 Juni 1975

Nimempaka mafuta ya nazi. Chupa nzima. Mtoto mchanga akikauka ngozi si ndivyo tunavyofanya? Ameteleza mikononi kama kambale, akaingia chini ya kitanda, akatoka na vumbi lote la chumba mwilini. Sasa ana gamba, mafuta na mchanga.

Fatu alisimama mlangoni akashika kiuno. Akauliza namkaanga lini.

Mdomo wake huyu mwanamke!

Ijumaa, 13 Juni 1975

Nimefanya jambo baya. Naliandika ili nisijidanganye.

Kulikuwa na kipande kimeachia shingoni, kimesimama kama karatasi. Nikakivuta. Kikaja vizuri mwanzo, urefu wa kiganja, nikafurahi, nikavuta zaidi. Kikaja na ngozi ya chini. Damu. Tulia hajawahi kunitishia hata siku moja, leo amefungua kinywa akapuliza.

Nimekaa sakafuni nikalia. Saidi angeniona angenyamaza tu, na kunyamaza kwake ndiko nilikokuwa nakuogopa.

Hajala wiki ya tatu sasa. Panya nilimwekea. Panya akampanda mgongoni.

Jumapili, 15 Juni 1975

Balozi Hamisi amekuja. Ndiye balozi wa nyumba zetu kumi. Hakuingia ndani, alizungumzia uani. Nyoka anaogopa tangu zamani, ila anajikaza kwa sababu ya cheo.

Habari yenyewe hii. Tulipohamia hapa alikubali Tulia akae kwa sharti moja: awe analinda ghala la makopa ya muhogo la nyumba kumi. Na alilinda. Mpaka mwezi wa nne panya walikuwa hawaonekani. Sasa Tulia haoni, hali, yupo ndani ya kasha, na panya wametoboa magunia mawili. Muhogo wa watu kumi na familia zao. Halafu kuna watoto. Balozi anasema nyoka asiyeona hajui nani mwenyeji nani mgeni, atakamata chochote kinachopita.

Mkutano ni Jumamosi tarehe 28. Siku hiyo Tulia aonyeshwe mbele ya watu. Afuate kijiti kwa macho, ale panya. Akishindwa, panga.

Nilitaka kumtukana. Sikuweza. Anasema kweli, na mimi pia nakula yale makopa.

Siku kumi na tatu.

Jumatatu, 16 Juni 1975

Bwana mifugo alipita na baiskeli kuangalia kuku. Nikamwita. Akatazama ndani ya kasha, akarudi nyuma hatua tatu. Alisema kitabu chake kina ng'ombe, mbuzi, kuku na bata.

Akaomba maji ya kunywa akaondoka.

Jumatano, 18 Juni 1975

Nimegombana na Fatu. Vibaya.

Leo nimekuta tumbo la Tulia limekuwa jekundu, limebabuka. Nikajiuliza nani anaingia humu nikiwa shamba la kijiji? Fatu. Nani hajawahi kumpenda? Fatu. Saidi alikuwa anakuja kwetu kwa zamu, siku tatu kwangu, siku tatu kwake, na Tulia ndani ya kapu begani. Kwangu alipokelewa. Kwa Fatu nilisikia ni kelele na milango kufungwa.

Basi nikatoka nikamwambia mbele ya majirani kwamba amemwagia dawa. Kwamba anataka afe ili abaki na cherehani chake na amani yake.

Hakujibu. Fatu asiyejibu! Alikusanya vitambaa vyake akaingia ndani.

Nilijiona nimeshinda kama dakika tano.

Alhamisi, 19 Juni 1975

Hatusemezani. Kapika kwake, nimepika kwangu. Mafiga sita, ua mmoja.

Jumamosi, 21 Juni 1975

Nimekwenda mahame, tulikokaa zamani. Nilisema naenda kuokota kuni. Uongo. Nilitaka kuona Saidi alikuwa akimfanyaje.

Mwendo wa saa mbili na nusu. Nyumba yangu imebaki kuta tatu. Nimezunguka kote, nimetazama penye kitanda, penye jiko, chini ya mikorosho. Hakuna kitu. Hapo ndipo nikajiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza. Miaka kumi niliyokaa na yule nyoka, niliwahi kumwona anajivua gamba? Sikuwahi. Saidi alikuwa akiniletea gamba tu, zima, limekunjwa kama kanga mpya, ananiwekea mapajani. Nilidhani huwa analiokota porini.

Nikateremka bondeni kwenye nyumba ya Fatu. Huko kuna kivuli na udongo wenye maji hata kipupwe. Nyuma, penye ua wa kuogea, nikaona. Mtungi mkubwa uliovunjika shingo, umefukiwa nusu ardhini. Jiwe la matumbawe, bapa, kubwa kama kiti. Na juu ya jiwe, kwenye vijishimo vyake, vipande vya gamba vilivyonasa. Vya zamani na vya zamani zaidi.

Kwa hiyo macho ya Tulia yakianza kuwa meupe, Saidi alikuwa anampeleka kwa Fatu. Kila mara. Na Fatu akijua. Mimi naletewa gamba, yeye anaishi na kazi yake.

Niliketi juu ya lile jiwe. Wivu ulinishika, mimi mwanamke mzima mwenye wajukuu, namwonea wivu mke mwenzangu kwa sababu ya nyoka. Halafu nikakumbuka nilivyomtukana.

Nimerudi na kuni chache za kusingizia.

Jumapili, 22 Juni 1975

Nimekwenda mlangoni kwa Fatu. Nimebisha hodi, nyumba moja na hodi! Nikamwambia nimefika kwake bondeni, nimeona mtungi na jiwe. Nikamwambia nimekosa. Neno lenyewe lilitoka kwa shida, lakini lilitoka.

Alishona mstari mzima kabla ya kuinua uso. Akasema, "Hukuniuliza, Bi Mkubwa. Ulisema tu nimemwaga dawa."

Kisha akaanza kueleza, na alipoanza hakukatika. Macho yakiwa meupe hashikwi, anawekwa mahali pa unyevu pasipo na jua, mtungini, na kitambaa kibichi juu. Macho yakirudi kuwa safi anasubiriwa. Likikwama, anakalishwa kwenye maji ya vuguvugu, kina cha kidole, mpaka ngozi ilainike. Halafu anaachiwa jiwe ajikune pua mwenyewe. Mtu havuti. "Marehemu alikuwa akinipiga mkono nikigusa," akasema. Kumbe alikuwa akigusa.

Nikamuuliza zile kelele za milango basi? Akasema nani angelala mlango wazi na chatu bafuni.

Akaja chumbani kwangu. Mara ya kwanza tangu tuhamie. Akaingiza mkono kwenye kasha kutoa gunia nililomtandikia Tulia, akaruka akapiga kelele. Nikadhani ameumwa. Hapana. Kidole chake kina jeraha la sindano, na kilikuwa kinachoma. Akakitia mdomoni. Akanitazama.

Chumvi.

Gunia gani hili, akauliza. Nilijua papo hapo. Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda kwenye mashamba ya chumvi kule pwani, nikapewa magunia yao yaliyotumika. Mazuri, magumu, meupe. Nikayakung'uta nisiyafue, maji ya kisima yako mbali. Na baridi ya kipupwe ilipoanza nikamwongezea la pili, la tatu, apate joto. Kwa upendo wangu wote nilimlaza kwenye chumvi kama papa wa kukaushwa.

Kwa hiyo dawa nilimwaga mimi. Sikuwa na pa kutazama.

Fatu alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, nikiwa na aibu tele.

Jumatatu, 23 Juni 1975

Alfajiri mahame, sote wawili. Fatu amebeba jiwe kichwani njia nzima na hakukubali kupokezana. Mimi nimebeba ule mtungi usio na shingo.

Tumeufukia nusu nyuma ya nyumba hapa kijijini, penye ua wa kuogea, jiwe kando yake. Magunia nimeyatupa. Kasha limesuguliwa mara tatu.

Jioni Tulia ndani ya karai, maji ya vuguvugu. Fatu alikaa kwenye kiti mbali. Baada ya muda kiti kikawa karibu.

Jumanne, 24 Juni 1975

Kisimani mara tano. Wanawake wa foleni wananong'ona kwamba namwogesha nyoka na wao wanahesabu ndoo. Fatu akawaambia panya wakimaliza makopa yao watakula ndoo. Wakarudi kuhesabu ndoo zao.

Ngozi imeanza kulainika. Jeraha la shingoni limekauka. Nilimwomba radhi. Nyoka hana masikio, Saidi alinifundisha, lakini nilimwomba.

Zimebaki siku nne.

Jumatano, 25 Juni 1975

Ng'ambo ya Ruvuma leo wamepata uhuru wao. Tangu jana ngoma hapa hazinyamazi, nusu ya kijiji wana ndugu kule au walizaliwa kule. Saidi alizaliwa kule. Alivuka mto akiwa kijana, Mmakua wa watu na kapu lake, na kila mwaka alisema mwakani nitakwenda kuwatazama. Hakwenda. Leo angecheza mpaka viatu vikatike.

Kila mtu uwanjani. Sisi wawili tumebaki uani na karai.

Kama saa nne asubuhi Tulia alitoka kwenye maji mwenyewe, akapanda juu ya jiwe. Akaweka pua kwenye jiwe akasugua. Kushoto, kulia, kushoto. Mimi nimeshika mkono wa Fatu, sijui niliushika lini. Gamba la kidevuni likageuka, likarudi nyuma, akaanza kupita ndani yake. Si zima. Hapa limechanika, pale limeganda tukaweka kitambaa kibichi tukasubiri, likaachia. Mpaka adhuhuri mgongo wote ulikuwa mpya, una weusi na udongo na dhahabu. Nilikuwa nimeisahau ile rangi.

Fatu alilia kwa sauti. Akasema ni moshi. Hatukuwa tumewasha moto.

Jicho la kulia limefunguka, safi. La kushoto bado lina kigamba chake. Jeupe.

Tulikwenda uwanjani baadaye tukacheza kidogo, kwa niaba ya Saidi.

Alhamisi, 26 Juni 1975

Kitambaa kibichi kichwani kwa Tulia, asubuhi na jioni. Jicho la kushoto, hakuna.

Ijumaa, 27 Juni 1975

Kesho mkutano. Jicho bado.

Mchana nilichukua sindano ya Fatu. Niliona ukingo wa kile kigamba umeinuka kidogo sana, nikasema nikiingiza ncha tu, taratibu. Mkono ulikuwa hautetemeki. Hilo ndilo linalonitisha sasa, kwamba haukutetemeka. Fatu aliingia akaona. Akachukua sindano mkononi mwangu, akatoka nayo.

Amefanya vizuri. Ningemtoboa.

Panya sijampa. Namtaka na njaa kesho. Naogopa sana.

Jumamosi, 28 Juni 1975

Mkutano mbele ya ghala. Watu wengi kuliko siku za kugawa mbegu. Balozi Hamisi na panga lake amelinoa, limelazwa mezani juu ya daftari la mahudhurio.

Nilimtoa Tulia kapuni nikamlaza kwenye mkeka. Watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Balozi akachukua kijiti kirefu, kirefu ajabu, nadhani alikitafuta siku nzima. Akakipitisha upande wa kulia. Tulia akageuza kichwa, akakifuata, ulimi nje ndani. Watu wakaguna. Akakipitisha kushoto. Tulia hakutikisika. Akakipitisha tena. Vile vile.

Balozi akanitazama, na si kwa ubaya. Akaweka kijiti chini.

Hapo Fatu akasimama. Fatu ambaye kijiji kizima kinajua anafunga milango. Akasema jicho la kushoto halijafa, limefunikwa. Akasema gamba lijalo litalichukua, ameliona jambo hilo likitokea kwake bondeni mara mbili, na marehemu mume wetu ni shahidi ingawa hayupo. Akasema kosa halikuwa la nyoka. Nikasimama na mimi. Nikaeleza magunia ya chumvi. Mbele ya watu wote, kosa langu kwa mdomo wangu, na nikamtaja Fatu kwamba nilimsingizia. Watu wa chumvi waliokuwepo walicheka mpaka wakashikana mabega.

Balozi akasema bado kuna panya.

Mkeka ukazungushiwa mabati ya madebe yaliyokatwa, panya akaachiwa humo asikimbie. Tulia alikaa. Alikaa muda mrefu mno. Nilikuwa nimeshaanza kumwangalia Balozi na panga lake. Kisha akageuza kichwa polepole, akaleta lile jicho zima. Sikuona alivyoruka. Niliona panya tayari yuko ndani ya mikunjo.

Kelele! Hata kwenye ngoma ya Jumatano sikusikia kelele zile.

Balozi Hamisi alilitoa panga mezani akampa mkewe akafyekee. Akasema jicho moja linatosha kumwona panya, lakini tukifika gamba lijalo na jicho halijafunguka, mkutano utaitishwa upya. Nikasema sawa. Kwa leo sawa kabisa.

Jumapili, 29 Juni 1975

Nimelala mpaka jua limetoka. Mafiga sasa ni matatu tu, chungu kimoja.

Jumamosi, 12 Julai 1975

Ghalani Tulia amekamata panya wanne wiki hii. Watoto wanamhesabia.

Fatu ametaka zamu. Siku tatu tatu, kama zamani. Nikamwambia aache utani. Hakuwa anatania. Ameshashona na pazia la kapu.

Sikufurahi, naandika kweli. Kitu kimoja tu nilichoachiwa, na sasa nigawane. Nimemwambia nitafikiri.

Jumatatu, 28 Julai 1975

Macho ya Tulia yameanza ukungu. Yote mawili. Tumemhamishia mtungini, tumefunika kitambaa kibichi. Hatumgusi.

Sijui lile la kushoto litakuwaje. Nimemwambia Balozi, amesema atasubiri. Amepita uani mara mbili kuuliza, amesimama karibu kidogo kuliko zamani.

Jumapili, 3 Agosti 1975

Upepo wa kusi, baridi. Nimeamka nikaenda nyuma ya nyumba kabla ya kuchota maji.

Gamba lilikuwa juu ya jiwe. Zima. Kutoka puani mpaka mkiani, limegeuzwa ndani nje, halina tundu hata moja. Nimepiga magoti nikatazama kichwani. Vigamba vya macho vimo viwili vya kulia, kimoja juu ya kingine, hapana, nimekosea, ni upande wa kushoto. Cha zamani na kipya vimetoka pamoja. Kulia kimoja. Vitatu jumla. Nimehesabu tena na Fatu akahesabu.

Tulia alikuwa nyuma ya mtungi amejikunja. Nikapitisha kidole kulia, akatazama. Nikapitisha kushoto.

Akatazama.

Fatu amelipima gamba kwa utepe wake wa cherehani. Kisha akalikunja taratibu, akaja akaniwekea mapajani. Akasema ndivyo walivyokuwa wakifanya, yeye Fatu akilikunja na marehemu akilibeba. Miaka yote ile nilikuwa napokea mikunjo ya mkono wa Fatu na sikujua.

Nimeliweka pamoja na daftari hili.

Jioni nimemtia Tulia kapuni, nikashusha lile pazia, nikambeba begani mpaka chumba cha pili. Nikabisha hodi. Ni zamu ya Fatu.